Si Nyinyi, Ni Wale Wengine

Idi ya mwaka 2016 iliangukia tarehe 6 Julai, siku 13 tu baada ya Uingereza kupiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Kwetu Dagenham nyumba ilijaa tangu asubuhi kama kawaida. Mkeka umetandikwa, pilau iko kwenye sahani kubwa, kachumbari na achari ya ndimu pembeni, na sisi vijana tumejibanza ukutani na simu zetu. Mmoja wetu akauliza kwa mzaha, "Jamani, humu ndani nani kapiga kura tutoke?" Tukacheka. Ami yangu hakucheka. Alimeza tonge lake, akasema, "Mimi."

Baba alinyanyua mkono kwenye sahani, akaenda kunawa. Hakurudi kula.

Kwa miezi minane wale ndugu wawili, tumbo moja, hawakusemezana ila salamu ya msikitini. Nilipoitaja kadhia hii kidogo kwenye kipindi, wengi wenu mliandika kwamba kwenu pia kulikuwa na sahani kama ile. Kwa hiyo leo naieleza yote, kwa sababu naamini mengi yaliyoisibu nchi hii tunayoishi yalikuwemo mle ukumbini mwetu. Ilinichukua miaka kuyaona tu.

Mlango wa mbele, mlango wa nyuma

Sisi watoto tulimcheka ami. Mhamiaji anapiga kura dhidi ya wahamiaji, hiyo akili gani? Lakini hakuna aliyemwuliza kwa nini. Mimi nilimwuliza miaka mingi baadaye, na jibu lake lilikuwa na mantiki kuliko nilivyotaka iwe nayo.

Wengi wetu hatujui kwamba katika kura ile raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi hapa kihalali waliruhusiwa kupiga kura. Mtu wa Zanzibar mwenye pasipoti ya Tanzania alipiga. Jirani yake Mpoland, aliyeishi mtaa uleule miaka kumi na kulipa kodi ileile, hakuruhusiwa. Lakini kwenye kuleta familia mambo yalikuwa kinyume. Tangu mwaka 2012, mtu wa hapa akitaka kumleta mke kutoka nje ya Ulaya alitakiwa aonyeshe kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Raia wa nchi nyingine ya Ulaya aliyefanya kazi hapa hakupimwa kwa kipimo hicho.

Ami alikuwa akifanya kazi ya usiku kwenye ghala. Alikuwa na wenzake ambao waliwaona wake zao kwenye simu tu, na watoto wao walijifunza kutembea baba hayupo. Na baadhi ya wanakampeni walikuwa wakisema waziwazi kwamba tukitoka Ulaya, milango itafunguka kwa watu wa Jumuiya ya Madola.

"Wenzetu wanapita mlango wa mbele," aliniambia, "sie hata wa nyuma tumefungiwa. Nikasema basi tufungiwe sote, labda watakaa wafikiri upya."

Baba alikuwa na hoja yake moja tu, na hakuchoka kuirudia. Ukimsaidia mtu kumfukuza jirani yako, usidhani akishamaliza atakwenda kulala.

Aliyefunga kiwanda hana sura

London kwa jumla ilipiga kura kubaki, takriban asilimia 60. Lakini manispaa yetu ya Barking na Dagenham ilipiga kura kutoka, asilimia 62.4. Kwa hiyo ami hakuwa peke yake. Nyumba ya upande wa pili wa ukuta wetu, mzee mmoja Mwingereza ambaye tumekaa naye tangu nina miaka sita, naye alipiga kura hiyohiyo.

Ili umwelewe mzee huyu lazima uijue Dagenham. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ilijenga hapa mtaa wa Becontree, nyumba zipatazo 27,000 za kupangisha wafanyakazi. Mwaka 1931 kiwanda cha Ford kikaanza kazi kando ya mto Thames, na katika miaka ya 1950 kiliajiri watu wapatao 40,000. Mtu alimaliza skuli Ijumaa, Jumatatu yuko kiwandani, na akioa anapata nyumba ya kaunsili. Ndivyo alivyoishi jirani yetu: miaka 26 Ford.

Kisha mambo mawili yakaharibika. Kuanzia mwaka 1980 sheria iliwaruhusu wapangaji kununua nyumba za kaunsili kwa bei ya chini, na zilizouzwa hazikujengwa nyingine za kutosha kujaza pengo. Nyingi zimeishia mikononi mwa watu binafsi, ambao wanatupangisha sisi kwa bei wanayotaka. Na mwaka 2002 gari la mwisho likatoka kiwandani. Injini bado zinatengenezwa, lakini ule utaratibu wa Ijumaa na Jumatatu umekwisha.

Sisi tulihamia katikati ya mambo hayo. Binti yake mzee alikosa nyumba hapa, akahamia Essex. Katika miaka ileile, mlango wa tatu wakaingia Wanigeria, wa tano Wasomali, na ukutani kwake tukaingia sisi na harufu yetu ya papa wa kukaanga. Mambo mawili yalikuja pamoja: kimoja hakumwona aliyekileta, kingine alikiona kila siku kituo cha basi. Aliyefunga kiwanda hana sura. Mgeni anayo.

Mwaka 2006 chama cha British National Party, chenye chuki ya wazi dhidi yetu, kilipata viti 12 kwenye kaunsili yetu. Nilikuwa mwanafunzi, nikienda skuli nikiokota vipeperushi vyao mlangoni kabla mama hajaviona. Mwaka 2010 walivipoteza viti vyote. Hawakuondolewa na hotuba. Watu walipita mlango kwa mlango, jioni baada ya jioni, wakisikiliza malalamiko ya nyumba, takataka na taa za barabarani.

Nchi tajiri, mfuko mtupu

Ukiwaambia jamaa zetu wa Unguja kwamba Uingereza kuna shida, wanacheka. "Shida gani, na nyinyi mna pauni?" Naelewa. Lakini hebu tuhesabu.

Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 11.1, kiwango ambacho hakikuonekana kwa miaka 40 hivi. Riba ya Benki Kuu ilipanda kutoka asilimia 0.1 mwishoni mwa 2021 hadi 5.25 Agosti 2023, na kila mwenye mkopo wa nyumba usiofungwa bei aliisikia ndani ya mifupa. Kati ya 2016 na 2024 tulikuwa na mawaziri wakuu sita, na mmoja wao, Liz Truss, alikaa siku 49. Mtandao wa benki za chakula wa Trussell uligawa vifurushi zaidi ya milioni 3 kwa mwaka mmoja, 2023 hadi 2024. Orodha ya wanaosubiri matibabu ya hospitali England ilikaribia milioni 7.8. Mama yangu alikuwa mmoja wao, kwa goti.

Kisha ukaja uchaguzi wa Julai 2024. Chama cha Labour kilipata thuluthi moja tu ya kura, na karibu thuluthi mbili ya viti. Kati ya kila wapiga kura watano walioandikishwa, wawili hivi hawakwenda kabisa. Magazeti yaliandika juu ya ushindi mkubwa. Mtaani kwetu sikumwona mtu aliyeshangilia. Watu wakiwa na hasira hupiga kelele, na angalau unajua wanataka kitu. Hawa walikuwa wamechoka.

Na mtu aliyechoka akiletewa jawabu jepesi, hana nguvu ya kulihoji.

Wiki ile ya Agosti

Tarehe 29 Julai 2024, watoto watatu wa kike waliuawa kwa kisu wakiwa kwenye darasa la kucheza dansi huko Southport. Kabla miili haijazikwa, uongo ulishaenea mitandaoni kwamba muuaji ni mwomba hifadhi Mwislamu aliyekuja kwa boti. Alikuwa kijana aliyezaliwa Cardiff. Haikusaidia. Usiku wa pili kundi la watu liliushambulia msikiti wa Southport, na siku zilizofuata ghasia zikasambaa mji kwa mji. Tarehe 4 Agosti, karibu na Rotherham, walijaribu kuitia moto hoteli yenye waomba hifadhi ndani yake.

Tarehe 6 ikasambaa orodha ya mahali patakaposhambuliwa kesho yake. Walthamstow ilikuwemo, si mbali na kwetu. Mama yangu amevaa mtandio katika nchi hii tangu mwaka 1996. Siku ile aliniuliza, taratibu, kama avae kofia ya baridi juu ya mtandio akienda kliniki. Mwezi wa Agosti. Sijui kama niliwahi kuumia namna ile.

Jioni mlango ukagongwa. Ni mzee jirani.

"Mwambie mama yako asitoke peke yake," alisema. "Kesho nitampeleka mimi na gari, nitamsubiri, nitamrudisha."

Mama alimwekea kalimati kwenye sahani, akazifunika na karatasi. Mzee akazipokea, akageuka kuondoka, kisha akarudi hatua moja.

"Watu hawana hasira na nyinyi, unajua. Si nyinyi. Ni wale wengine, wa maboti."

Nilimfasiria mama. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwambie ami yenu alitoka kwao kwa mashua."

Sikumfasiria. Nilisema, "Mama anasema ahsante sana." Mzee akaenda zake na kalimati.

Kesho yake jioni maelfu ya watu walijitokeza Walthamstow kuzuia njia, na waliotishia kuja hawakuonekana. Sote tulizisambaza zile picha. Na mzee alimpeleka mama kliniki kama alivyoahidi, akamsubiri saa mbili kasorobo kwenye gari. Lakini mimi nilibaki na lile neno ambalo sikulifasiri.

Nusu ya mtaa

Nilipomsimulia baba, hakushangaa. "Maneno hayo nimeyasikia Wete," alisema. "Si wewe, bwana, ni chama chenu."

Baba hakuwa mtu wa kuhadithia Pemba. Usiku ule alihadithia. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar, Oktoba 1995, ulitangazwa kwa asilimia 50.2 kwa Salmin Amour wa CCM na 49.8 kwa Seif Sharif Hamad wa CUF. Kisiwani Pemba CUF ilichukua viti vyote 21. Nchi ikapasuka katikati, na ufa ukapita ndani ya nyumba za watu. Kulikuwa na duka la chama hiki na duka la chama kile, gari la abiria la hawa na la wale. Baraza ambayo baba alicheza bao tangu ujana ikawa baraza mbili, zikitazamana.

Babu yangu alifariki katika hali hiyo. Rafiki wa baba, ambaye walisoma chuoni pamoja kwa mwalimu mmoja, hakuja mazikoni. Hata mkono wa pole hakuleta. "Babu yako," baba aliniambia, "alizikwa na nusu ya mtaa." Mwaka huohuo tukaja huku.

Ami alibaki. Tarehe 27 Januari 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa CUF. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu waliokufa wasiopungua 35. Watu zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni, pwani ya Kenya, na ami alikuwa mmoja wao. Mashua, usiku, umri wake miaka 31, mtoto wa miaka miwili kamwacha kwa mama yake.

Kwa hiyo, wenzangu, yule wa maboti amekula pilau kwetu kila Idi.

Wazee wetu wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mwaka 2009, mwezi wa Novemba, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, na watu wakaona kama ndoto. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Uchaguzi wa mwaka ule Dk. Ali Mohamed Shein alishinda kwa tofauti ndogo mno, na Maalim Seif akakubali, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Mwaka uliofuata baba alikwenda Wete. Yule rafiki alikuja kumchukua asubuhi. Hakusema mengi. Walikwenda kaburini kwa babu, wakasoma Fatiha, wakarudi wakanywa kahawa.

Halafu tarehe 28 Oktoba 2015 matokeo ya uchaguzi wa Zanzibar yakafutwa kabla hayajakamilika kutangazwa. Machi 2016 uchaguzi ukarudiwa, CUF wakasusia, na zile baraza mbili zikarudi kutazamana.

Angalia tarehe. Machi 2016 hiyo. Miezi mitatu baadaye ikaja kura ya Ulaya, na siku 13 baada yake ikaja Idi yetu. Mimi miaka yote nilidhani baba aliacha kula kwa sababu ya Ulaya. Kumbe aliona baraza inagawika tena, safari hii ndani ya nyumba yake, na aliyekaa upande wa pili ni mdogo wake.

Siku ya khitma

Kilichowapatanisha si hoja. Machi 2017 bibi alifariki Wete. Khitma ya London ilisomwa kwetu, na mtu wa kwanza kugonga mlango, kabla ya saa moja asubuhi, alikuwa ami, gunia la mchele begani. Baba alimfungulia. Wakashikana pale pale ukumbini, wazee wawili, na sisi tukatafuta kazi za kufanya jikoni.

Baba anaamini siasa ikishafika msibani, nchi imekwisha. Nimelifikiria sana hilo, na nakubaliana naye nusu. Maridhiano ya Zanzibar ya 2010 yalipendeza, lakini yalisimama juu ya ahadi za viongozi, na kura zilipokwama mwaka 2015 hayakuweza kujibeba. Wale wawili waliosoma Fatiha pamoja hawajaacha kuamkiana mpaka leo. Sasa baba anasema, unaona?

Nusu ninayompinga ni hii. Kumpelekea jirani kalimati hakujengi nyumba. Binti yake bado yuko Essex, na mimi, na digrii zangu mbili, nimepanga chumba. Maadamu watu wanagombea nyumba na nafasi za daktari, atatokea mtu wa kuwaambia ni nani amewanyang'anya, na atamwonyesha mwenye sura. Tunahitaji wanaopita mlango kwa mlango kama mwaka 2010, na tunahitaji pia wakifika mlangoni wawe na kitu mkononi.

Kiangazi cha 2025 bendera za England zilitundikwa kwenye nguzo za taa mitaa mingi, na yetu pia. Mzee jirani alitundika yake dirishani. Nilikaa nayo wiki mbili. Kisha Jumamosi moja, yeye akipunguza majani na mimi nikianika nguo, nikamwambia kupitia uani lile nililoacha kulifasiri. Mashua, Shimoni, mtoto wa miaka miwili.

Alizima mashine. "Yule kaka wa baba yako? Anayekuja na mchele?"

"Ndiye."

Alitazama majani kwa muda. "Hamkuwahi kusema," aliniambia.

Kweli, hatukuwahi kusema. Bendera bado ipo dirishani. Sikumwomba aitoe, na sijui kama anaiona kama alivyoiona mwanzo.

Na ami? Yule mtoto wa miaka miwili sasa ni kijana wa ghala kama baba yake, na ameoa Unguja. Milango haikufunguka. Aprili 2024 kipimo cha kipato kilipandishwa kutoka pauni 18,600 hadi 29,000. Mtoto wa ami hafiki hapo kwa kazi moja, basi ameongeza ya Jumamosi na Jumapili, na anakusanya hati za mshahara za miezi sita. Fomu najaza mimi. Nadhani kila familia yetu ina mmoja kama mimi, si ndiyo?

Juzi tulikuwa mezani, ami, baba na mimi na kompyuta. Fomu inataka uthibitisho kwamba wanandoa watapata pa kuishi. Ami ana chumba kimoja tu. Akakaa kimya, anazungusha kikombe cha chai. Nilimtazama baba, nikijua kuna sentensi moja ameihifadhi tangu 2016 na leo ndiyo siku yake.

Baba alivuta karatasi. "Niandikie kwa Kiingereza kizuri," alisema. "Andika mimi ni mwenye nyumba, na chumba cha juu kipo."